Marufuku Mbele ya Dirisha

"Kata," mwenyekiti wa jengo akamwambia fundi bomba.

Fundi alikuwa amesimama kwenye kibaraza cha chumba cha chini, msumeno mkononi, akiitazama pete ya bomba la shaba iliyofungwa ukutani, pana kama gurudumu la baiskeli. Hakukata. Alifungua skrubu moja moja, taratibu, kana kwamba alitumaini mtu angebadili mawazo.

"Hiyo ni antena ya redio ya mume wangu," akasema mama wa chumba hicho, mshonaji mstaafu ambaye majirani walimpachika jina la Bi Ngangari, na hawakukosea. "Leseni anayo."

"Leseni ni ya serikali. Jengo ni la kamati, na kamati haitaki antena nje. Zinaharibu sura ya jengo."

Sura yenyewe ilikuwa rangi iliyobanduka na ngazi isiyo na taa, lakini tuyaache hayo.

Ndani, mzee alilala akisikiliza. Alikuwa mtuma simu za redio melini tangu ujana wake. Kisha kiharusi kikamnyang'anya maneno na mkono wa kulia. Kilimwachia mkono wa kushoto, na kidole kimoja cha mkono huo kilijua nukta na vistari vya Morse kuliko mdomo wake ulivyowahi kujua salamu. Kila alasiri mkewe alimwekea kitufe chini ya kidole, naye akazungumza na mwenzake wa zamani aliyestaafu nchi ya mbali. Walibishana, walitaniana, waliwasengenya manahodha waliokwisha kufa. Saa nyingine zote mzee alikuwa mgonjwa tu, mtu wa kulishwa na kugeuzwa.

Pete ilikuwa na kasoro moja: wivu. Mtu akiisogelea, sauti ya rafiki inafifia. Akiishika, inapotea kabisa. Kwa hiyo Bi Ngangari alifukuza watoto, paka na wageni kibarazani kwake, na wambea wakapata la kupeleka kwa mwenyekiti.

"Umenisikia lakini?" mwenyekiti akauliza.

"Sikukusikia. Mimi sitii sheria za mdomoni. Kama ipo, iandike."

"Nitaiandika."

"Tena kubwa. Macho yangu mabovu."

Mwenyekiti akavimba. "Nitaiandika kubwa, na nitaisimamisha hapa hapa mbele ya dirisha lako, mumeo aisome akiwa kitandani."

"Thubutu," akasema Bi Ngangari.

Bomba likapelekwa stoo ya jengo. Tangu siku hiyo mzee aligeukia ukuta, na hakugonga meza hata kuomba maji. Mkewe, ambaye siku ya kiharusi hakudondosha chozi, alilia jikoni kwa hasira, amefungulia maji ya sinki ili asisikike.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa neno lake. Alikuwa pia na mkono wa birika, kwa hiyo alimwagiza fundi asinunue kitu, atumie makorokoro ya stoo. Fundi akaunda bango la duara kama zile alama za barabarani: ubao mweupe, ukingo uliopakwa rangi nyekundu nzito, na katikati maneno MARUFUKU ANTENA. Likasimama juu ya nguzo ya mti, hatua chache kutoka dirishani. Chini ya duara alifunga kisanduku cha plastiki.

"Hicho cha nini?" mwenyekiti akauliza.

"Cha waya wa taa."

"Taa ya nini tena?"

"Usiku watu watasomaje?" Bi Ngangari akadakia kutoka dirishani. "Umeme nitatoa mimi. Sitaki kesho niambiwe nilijifanya sioni."

Mwenyekiti alimtazama kwa mashaka. Aliposikia umeme si wake, mashaka yakaisha. Fundi akavuta waya hadi ndani kwa Bi Ngangari, na kazi hiyo ndogo ikamchukua mchana kutwa, pamoja na chai.

Wiki haikuisha, wambea wakarudi kwa mwenyekiti: alasiri kuna mlio kule chini, ti-ti-taa, ti-taa. Akashuka mbio bila kuvaa viatu sawasawa.

Alimkuta mzee ameketi, mto mgongoni, kidole juu ya kitufe. Redio inawaka. Wala hawakujisumbua kuifunika.

"Antena iko wapi?"

"Tafuta," akasema Bi Ngangari.

Akapekua uvungu wa kitanda. Akafungua mwavuli. Akatoka akaukata waya wa kuanikia nguo, shuka zikaanguka kwenye vumbi, na mlio ukaendelea vile vile. Akagonga mfereji wa paa, akachungulia tangi la maji.

"Nitaing'oa hata kama imo ukutani," akasema akihema.

"Haya, ng'oa ukuta. Sisi tunafuata sheria, mwenyekiti. Tumeandikiwa kubwa."

Jasho lilikuwa likimtiririka. Akajivuta hadi kwenye bango lake, akaliegemea, mkono mmoja ameushika ule ukingo mwekundu, akapumua.

Ndani, mlio ukakatika. Mzee akamgeukia mkewe, macho yamemtoka kwa hofu.

Bi Ngangari akasogea dirishani. Mara ya kwanza tangu wajuane, sauti yake ilikuwa laini.

"Mwenyekiti, samahani. Naomba usiegemee bango. Ni mali ya jengo."

Mwenyekiti akashtuka kwa furaha. Akaachia ukingo, akafuta alama za vidole vyake kwa leso, akarudi nyuma hatua kadhaa. "Naona sasa sheria imekuingia," akasema.

"Imeniingia, baba. Rudi nyuma kidogo tena."

Akarudi. Kutoka nchi ya mbali, wazi kabisa, rafiki akasikika akiuliza kama mzee bado yupo, na kidole kikajibu: nipo.