Kikombe cha Mgeni

Peizhi alimmiminia Naibu Waziri Guan maji, kwa uso wa mtu anayemimina pombe.

Uso huo alikuwa ameufanyia mazoezi mbele ya kioo: pua imekunjwa kidogo, mkono umejaa heshima, chupa ya kaure isiyoonyesha kilichomo. Rong Peizhi alikuwa afisa itifaki wa wizara, na itifaki ya mchana ule ilikuwa moja tu: Mzee Guan asionje hata tone la pombe. Daktari alikuwa amesema kwamba ini la Guan limelitumikia taifa vya kutosha. Kikombe kimoja zaidi, litaomba kustaafu, na mwenyewe atastaafu nalo kaburini.

Lakini huku Shandong, jimbo la pwani ya China, kumwinulia mgeni kikombe cha maji ni sawa na kumtemea mate kwenye supu. Na mgeni huyu hakuwa wa kutemewa. Halvard Skaugen, waziri wa uvuvi wa nchi moja ya barafu huko kaskazini, ndiye aliyeizuia meli ya uvuvi ya bandari ya Yantai na mabaharia wake wote tangu majira ya baridi. Hati ya kuwaachia ilikuwa chumba cha pili, ikisubiri sahihi yake baada ya chakula. Nje ya lango, wake za mabaharia walikuwa wamesimama tangu asubuhi.

Skaugen aliwahi kuwa balozi Beijing. Alijua Kichina cha kutosha kumtania mtu, na sifa zake za unywaji zilifika kabla ya ndege yake. Alikuja na pombe ya kwao ya viazi, nyeupe kama ile ya mtama ya wenyeji. Msaidizi wake, msichana mrefu aitwaye Sunniva, hakuruhusu mhudumu yeyote aiguse chupa.

"Kipimo chake nakijua mimi," alisema.

Maringo hayo, aliwaza Peizhi.

Samaki akaletwa, kichwa kikimwelekea mgeni, na anayetazamwa na samaki lazima anywe.

"Kakukazia macho, Mheshimiwa!" alipiga kelele Meya Teng. "Hapo hujifichi!"

Skaugen akanywa, akakipindua kikombe kuonyesha kikavu. Guan naye akanywa, akapindua, akavuta hewa kwa meno kama mtu aliyeungua. Peizhi alianza kupumua.

Hapo ndipo Meya Teng aliposimama, masikio yamemwiva kwa pombe.

"Jamani! Hawa wawili wanakunywa kama mashemeji walionuniana. Kila mtu na chupa yake! Wabadilishane vikombe!"

Meza nzima ikapiga makofi.

Peizhi aliisogeza chupa yake ya kaure nyuma ya sahani. Meya ndiye aliyekalia kiti cha mwenyeji wa pili, na kwa desturi ya jimbo lile, mwenyeji wa pili akiamuru watu wanywe, hata mfalme hakatai.

Guan alitabasamu kwa meno. Skaugen naye alitabasamu, ila tabasamu lake lilichelewa njiani.

"Teng, mwache mgeni amle samaki wake," alisema Guan.

"Atamla! Samaki keshakufa, atakimbilia wapi?"

"Pombe yetu ni katili, Naibu Waziri," alisema Skaugen. "Sikuja kumuua mwenyeji wangu."

"Na yetu haina adabu kwa wageni."

"Wasikieni wanavyobembelezana!" Meya alicheka. "Kwani mnaogopana?"

Neno likishatoka hivyo mbele ya watu, halirudishwi. Vikombe vikavuka meza. Kwa heshima, Guan alishusha chake kiwe chini ya cha mgeni. Skaugen akashusha chake zaidi. Guan akazidi kushusha, mpaka vikombe viwili vya mataifa mawili vikakutana kando ya meza, karibu na magoti. Watu walicheka. Peizhi hakucheka. Mgeni akigundua maji, hakuna sahihi. Asipogundua, ni zamu ya Mzee kunywa, na hakuna Mzee. Chini ya meza alimwandikia daktari kwa simu: njoo mlango wa nyuma, haraka.

Skaugen alitangulia. Alimeza. Akamtazama Guan kwa muda ambao wake za mabaharia wangeweza kuota mvi.

Kisha akakohoa, akapiga meza, akajifuta macho. "Mama yangu! Inateremka kama moto!"

Peizhi aliushukuru ulevi kwa moyo wake wote. Ulimi uliolewa hautofautishi kisima na pipa la pombe.

Sasa ikabaki zamu ya Guan. Alikitazama kikombe cha mgeni kama askari anavyotazama mto wa kuvuka.

"Mzee..." Peizhi alinyanyuka.

"Kaa, binti."

Akanywa mpaka mwisho. Alifumba macho. Upande wa pili, Sunniva alikuwa amejiziba mdomo kwa kitambaa. Ghafla Guan alikohoa kwa kishindo, akajipiga kifua, akanguruma kumshinda Skaugen, akakipindua kikombe.

"Kali," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Inatushinda sisi."

Wanaume wale wawili wakatazamana.

"Tukasaini?" aliuliza Skaugen.

"Twende, kabla Meya hajapata wazo jingine."

Wakasaini. Huko langoni wanawake walipaza kilio cha furaha kilichosikika mpaka jikoni. Peizhi hakukingoja. Alimshika Mzee mkono na kumburura ukumbini hadi mlango wa nyuma, ambako daktari alikuwa anahema na mkoba wake.

"Inakuunguza wapi? Sema, Mzee! Kifuani? Tumboni?"

Guan aliegemea ukuta, mabega yakimtetemeka, akitoa leso na kujifuta ulimi.

"Wenzetu hawa," alisema, "wanajaza tu maji ya bomba, hata kuyachemsha hawayachemshi."