Aliyetoka Kibandani

Waliingia wawili, akatoka mmoja. Ndivyo ilivyokuwa kila asubuhi ya msimu wa kutaga kwa miaka minne kwa sababu, kama mpiga picha alivyopenda kusema, ndege hajui kuhesabu. Hondohondo dume akiwa juu ya mti huona watu wawili wakiingia kwenye kibanda cha turubai, kisha huona mtu akitoka na kwenda zake. Basi kwake kibanda kimebaki kitupu, naye hushuka kumlisha jike aliyejifungia kwenye tundu la mti akiatamia mayai.

Kazi ya mke wa mpiga picha ilikuwa hiyo tu: kuingia, kutoka, kwenda zake.

Aliifanya vizuri. Alitoka kwa vishindo, akafuata njia iliyonyooka mpaka kwenye kona, huku akiimba ili ndege asikose kumwona. Kisha alirudi nyumbani kukaa na kuta. Kuta zenyewe zilijaa ndege: ndege akila, ndege akioga, ndege akigombana na sura yake kwenye kioo cha gari. Nyuma ya kila picha mumewe aliandika kwa penseli tarehe, saa na alichokifanya ndege. Mke mwenyewe hakuwemo hata kwenye fremu ya ukubwa wa kiganja.

Siku moja alivaa gauni jipya, akamuuliza mumewe, nusu utani, atampiga picha lini na yeye.

"Ukijua unatazamwa unakakamaa," mume alijibu, macho kwenye lenzi aliyokuwa akiifuta. "Picha nzuri ni ya kiumbe asiyejua kama anatazamwa."

Mke alicheka. Halafu akaenda jikoni akalia, maana upweke wa kuishi peke yako una nafuu, lakini huu wa kuishi na mtu hauna.

Jambo moja mume hakulifanyia mchezo, nalo ni kelele. Kibanda kilikuwa na matundu ya kuchungulia pande zote, lakini aliyebaki ndani haiti, hapigi chafya, hakohoi. "Ndege ukimshtua anapoondoka, harudi tena," alimwambia tangu mwanzo. "Ukinyamaza, atarudi mwenyewe."

Asubuhi ya mwisho sanduku la mke lilikuwa kichakani kando ya njia, alikolificha tangu jana yake. Waliingia wawili kama kawaida. Akatoka, akaliokota sanduku, akaenda. Hakuimba. Alitembea polepole kama mtu mwenye kijiwe kwenye kiatu, akasimama mara tatu kusikiliza. Alichokitaka ni kidogo mno: aitwe. Hata kikohozi kingetosha, angerudi mbio. Nyuma yake kukawa kimya. Akajua jicho la mumewe liko kwenye tundu la hondohondo, akakata kona.

Alifikia kwa dada yake. Dada hakumung'unya maneno: mwanamume anayemtaka mkewe humfuata, au angalau hupiga simu. Wiki tatu zikapita na simu haijalia. Ikafika bahasha nene yenye mwandiko anaoujua.

"Ndege," alisema, akaisukuma pembeni. "Mpaka huku ananiletea ndege."

Ilikaa mezani siku mbili ikiwekewa vikombe. Siku ya tatu aliichukua ili akaitupe, ikapasuka upande, picha zikamwagika sakafuni.

Hapakuwa na ndege hata mmoja. Zote zilikuwa za njia ile ile iliyonyooka na mgongo wa mwanamke anayekwenda zake. Mgongo ndani ya gauni jipya. Mgongo chini ya mwavuli. Mgongo ulioinama kufunga kamba ya kiatu, miaka mitatu iliyopita, siku ambayo yeye mwenyewe alikwisha kuisahau. Akageuza moja. Penseli ilisema: "Saa kumi na mbili na nusu. Jike ameondoka akiimba."

Akakaa chini katikati ya picha, akaitafuta ya mwisho. Sanduku lilionekana wazi. Akaigeuza.

"Saa kumi na mbili na dakika arobaini. Jike ameondoka na sanduku. Amesimama mara tatu. Nimejiziba mdomo kwa mikono miwili, ili arudi."