Jino la Mwisho

Kwa mara ya tatu, mfupa ulisema ni wake yeye mwenyewe.

Bi Usafi aliikodolea macho kompyuta mpaka yakamwasha. Vinasaba vilivyotoka ndani ya mfupa ulioungua vilikuwa vyake, mwanzo mpaka mwisho, na mashine ilikuwa imeandika kwa herufi nyekundu: UCHAFU WA MFANYAKAZI. Ndivyo ilivyopangwa. Kila anayeajiriwa maabara huacha mate yake siku ya kwanza, ili akidondosha unywele au chembe ya ngozi kwenye kazi, mashine imkamate. Na matokeo machafu hayalinganishwi na ya familia yoyote. Hutupwa.

Lakini uchafu, yeye? Yeye ambaye wenzake walimbandika jina la Usafi kwa sababu alikuwa akisugua meza mpaka rangi inabanduka? Safari hii alivaa glavu mbili mbili, barakoa na kofia, akabana hata pumzi. Kama ingewezekana kuvua ngozi na kuitundika mlangoni, angeivua.

Mkuu wa maabara alisimama nyuma yake, mikono mfukoni.

"Dada, basi. Mabaki yanazikwa kesho, yawe na jina au yasiwe nalo."

"Limebaki jino moja, bosi. Niachie leo tu."

"Umesomea seli nusu ya maisha yako. Njia ya kutoa vinasaba kwenye mfupa ulioungua ni yako, sote tunaitumia. Leo wewe ndiye unayeiharibu." Akashusha sauti. "Ukishindwa na hilo jino, nenda nyumbani ukapumzike. Na usiwe na haraka ya kurudi."

Kiwanda cha magodoro kiliungua na vibarua ndani. Walikuwa wakichukuliwa asubuhi pale getini bila kuandikwa popote, kwa hiyo hakuna aliyejua walikuwa wangapi. Wengine wote waliopatikana walikuwa wamerudishwa kwa ndugu zao. Alibaki huyu mmoja, mwanamke, wa umri kama wake hivi.

Na upande wa pili wa ukuta, kwenye benchi la ukumbini, alibaki mama mmoja. Alishatoa mate yake yapimwe, na bado alikuja kila siku. Bi Usafi hakuwahi kumwona. Sheria yao ilimkataza mpimaji kuonana na familia, moyo usije ukausukuma mkono, hivyo aliingia na kutoka kwa mlango wa nyuma. Habari za ukumbini aliletewa na mlinzi, pamoja na chai.

"Leo amekuja tena, mzee?"

"Atakosa? Lile benchi sasa ni lake, mimi mwenyewe nabisha hodi nikitaka kukaa." Mlinzi alicheka, kisha akaacha. "Ila daktari, yule mama akili imeanza kumruka. Anasema mwanawe hajafa. Anamsikia humu ndani."

"Humu?"

"Jana ulipokohoa, alisimama wima. Nikamwambia, mama, mle mna mifupa na daktari, basi. Akaniambia nisimfundishe kikohozi cha mwanawe."

Bi Usafi aliweka kikombe chini. Yeye hakuwa na mtu wa kumjua kikohozi. Aliachwa wodini angali mchanga, akalelewa na muuguzi mmoja aliyeingia kaburini bila kumwambia ametoka kwa nani. Alijua uchungu wa kuulizwa kwenu ni wapi ukabaki unatazama chini. Ndiyo maana aliichagua kazi hii, kila mfupa upate wa kuulilia.

Aliliosha jino kwenye dawa, akaliosha tena, akalipasua. Jino ni sanduku lililofungwa, seli zake hujificha katikati kabisa, na hapafiki mate ya mtu wala jasho. Akachokoa unga kidogo kutoka kwenye kiini, akaupeleka kwenye mashine, akakaa sakafuni kusubiri. Alimwomba Mungu kwa sauti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maabara.

Mashine ililia. Akainuka.

Herufi nyekundu.

Alilia hadharani, glavu bado mikononi, wenzake wakijifanya wanatazama darubini. Kazi ya maisha yake ilikuwa imekwisha, lakini hilo halikumuuma kama yule mama. Kesho wangemfukia mwanawe kama takataka, kwa sababu ya mikono yake michafu. Angalau aambiwe na mwenye mikono hiyo.

Akavua glavu, akavua kofia na barakoa. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu moto ule, akatoka kwa mlango wa mbele.

Mama alikuwa ameinamia mkoba wake.

"Mama, nisamehe," Bi Usafi alianza. "Mimi ndiye niliye..."

Mkoba ulianguka. Mama aliruka kutoka kwenye benchi, akamshika uso kwa viganja vyote viwili.

"Mwanangu! Niliwaambia! Niliwaambia nakusikia humo!"

Alicheka na kulia kwa pamoja. Kidole gumba kilipapasa juu ya nyusi ya kushoto kutafuta kovu alilolijua. Kikapapasa tena. Kikahamia ya kulia, kikarudi. Kicheko kikakatika. Akamtazama Bi Usafi machoni, akautazama mlango wa maabara uliobaki wazi, kisha akamtazama tena.

"Nilijifungua wawili," alisema, sauti imemkauka. "Waliniambia wa pili hakulia."