Ndoo ya Unga

Mkamuaji alikunja ngumi, akaibonyeza ubavuni kwa ng'ombe, upande wa kushoto, akasubiri. Tumbo la ng'ombe mzima halimalizi dakika bila kuisukuma ngumi. Hili lilitulia kama gunia.

"Ameshiba tu," alisema shemeji yake, mikono mfukoni, viatu vinang'aa. Wiki nzima alikuwa akiwahubiria watu wa nyumbani kwamba majani ni chakula cha maskini.

"Hacheui. Umempa nini?"

"Unga wa mahindi, ndoo nzima. Mnataka maziwa au hamtaki?"

Mkamuaji alimtazama kama anayetazama kupe. Mwanamume mzima, ndevu tele, hajui kwamba unga mwingi namna hiyo humchachia ng'ombe tumboni ukamuua! Debe tupu haliachi kuvuma.

"Ulipimia nini, shemeji? Kiburi?"

Aliondoa ngumi. Shimo lake lilibaki palepale ubavuni, kama kwenye unga uliokandwa.

Nyuma ya ukuta, ng'ombe wao mwingine, mtamba mwenye mimba, alikuwa kimya.

"Na yule?"

Kwa mara ya kwanza, shemeji alitoa mikono mfukoni.

"Yule si ana ndama tumboni?" alisema. "Nilimpa ndoo mbili."