Tai ya Marehemu

Kaka wa marehemu alijaribu mara tatu kumfunga tai, ikamshinda, akatoka kumwita fundi aliyeshona suti.

Mabruki akaingia. Nje, kwenye uwanja wa nyumba ya familia huko Kwihara, karibu na Tabora, waombolezaji walikuwa wakimpa pole mwigizaji aliyekuwa mkewe marehemu katika vichekesho vya televisheni. Wengine walimwita mjane, naye hakukataa.

Kwa miaka tisa marehemu alikuwa akija Tabora kwa treni kila mwezi, akisema anakwenda kushonesha nguo, kumbe analala kwa Mabruki. Watu walimcheka: mchekeshaji gani huyu mwenye suti nyingi hivi!

Mabruki aliinama juu ya jeneza. Aliinua kola, akaipitisha tai, akakaza fundo. Kisha kidole gumba kikateleza chenyewe hadi kwenye kovu dogo chini ya kidevu, kikalipapasa, kama kilivyozoea.

Kaka alikuwa akimtazama.

“Fundi,” alisema, “umemvalisha mara ngapi?”

Mkono wa Mabruki ulibaki palepale, shingoni mwa marehemu.

Kaka akaurudishia mlango. “Kumbe ndiyo maana hakuoa. Sasa sikiliza, Mama asijue. Waandishi wanafika saa nane, na wasikukute hapa. Ukimaliza hiyo tai, uondoke.”

“Sawa, kaka.”

Tai ilikuwa imekaa vizuri kabisa. Mabruki akaifungua, akaanza kuifunga upya, polepole.