Familia Iliyoletwa na Kamati

"Basi hilo! Cheka!" Armand Gervais alisema, na mwanamke aliyesimama kando yake akarusha kichwa nyuma akacheka, kama karatasi ilivyoagiza. Mtoto akainyooshea pai ya matofaa kidole. Armand mwenyewe akakoroga sufuria ya nyama na karoti huku akitabasamu kwa sekunde nne, si tano. Feni iliyofungwa juu ya jiko ikasukuma harufu nje ya dirisha hadi barabarani, ambako watalii arobaini walitoa pua nje ya basi wakasema aaah.

Basi likapita. Tabasamu zikazimwa.

"Sasa nimwite nani?" mtoto akauliza.

"Bwana Gervais," mama yake akamjibu. "Babu ni basi likija tu."

Hayo yote ni ya Kamati ya Majira. Watu huja Vermont, jimbo la Marekani, kuona majani yakigeuka mekundu kabla hayajaanguka, lakini mwaka huu majani yaligoma, yakatoka mtini na rangi ya mavumbi. Kamati ikakaa, ikaamua kwamba wageni wasipopata rangi wapewe harufu. Kila nyumba ya barabara kuu ipike, madirisha wazi, iwe baridi isiwe, hadi Oktoba iishe. Na nani aliamua? Bi. Hadley mwenyekiti, aliyehamia kutoka Boston mwaka juzi, mtu ambaye hata mkate hajawahi kuuchoma. Wakubwa ndivyo walivyo. Mti ukikosea, anaadhibiwa mwenye sufuria.

Armand alipika. Mapishi aliyajua kwa lazima, tangu amzike mkewe Lucille miaka mitatu iliyopita. Siku ya mazishi alimtukana daktari, akamtukana padri, akamtukana kila aliyesogelea jeneza, na wote wakaacha kukanyaga kwake. Kwa hiyo wiki ya kwanza ya mabasi alikaa dirishani peke yake na bakuli la supu ya boga. Bi. Hadley akaja mbio na barua: mzee mmoja na kijiko kimoja anawahuzunisha wageni. Kamati itampa familia.

Jumatatu yake wakashushwa mlangoni: binti mmoja, kwenye orodha Noella Pruitt, kutoka ng'ambo ya mlima, na mjukuu mmoja, Tess, wa miaka mitano.

"Habari za asubuhi, Bwana Gervais."

"Nzuri, Bi. Pruitt. Aproni iko msumarini."

Wakafanya kazi hivyo wiki tatu. Leo ilikuwa siku ya mwisho.

"Unga huu mgumu kama kiatu," Noella alisema, akibonyeza ukingo wa pai ya pili. "Hukutia siki."

"Nani kakwambia pai inatiwa siki?"

"Kila mtu anajua."

"Kila mtu! Au Kamati imewapa semina?"

"Kamati haijui hata chumvi inakaa wapi." Akaitia pai ndani, akaufunga mlango wa oveni kwa goti, mara mbili, kama oveni ile ilivyozoea. Armand aliona. Akaendelea kumenya viazi.

Alikuwa na jambo moja tu la kufanya kabla basi la mwisho halijapita: kuwaomba Noella na Tess wabaki kula. Si dogo hilo. Kanuni ilisema jiko halijakaguliwa, kwa hiyo chakula ni cha kunuswa tu, na kila jioni kilimwagwa mbele ya shahidi aliyesaini. Wiki tatu Armand alikuwa akimwaga maharage ya kuoka, mikate ya boga, nyama laini ya kuyeyuka mdomoni, na kila jioni ombi lile likamwagwa pamoja navyo. Mdomo wake ulishazoea kufukuza watu. Kuwakaribisha ulikuwa umesahau.

"Bi. Pruitt," akaanza.

"Basi!" Tess akapiga kelele.

"Baba, leo umepika cha peponi!" Noella akasema kwa sauti ya karatasi.

"Kwa ajili yako, mwanangu."

Sentensi hiyo aliitunga Bi. Hadley, ikapigiwa kura. Kila Armand alipoisema ilimbidi ageukie sufuria na kuulaani mvuke.

Saa kumi jioni basi la mwisho likapita. Feni ikazimwa. Noella akavua aproni, akamtafutia Tess koti. Armand akashusha sahani tatu kabatini, akasimama nazo kifuani kama mtu aliyekamatwa nazo. Akafungua mdomo. Mlango ukagongwa.

"Wapendwa, mmeng'ara!" Bi. Hadley akaingia na makaratasi yake. "Ila kuna malalamiko kidogo. Wageni kumi na mmoja wameandika kwamba binti hafanani na baba hata chembe. Mmoja anasema mnaonekana kama watu mliokutana kituoni. Si kosa lako, Bi. Pruitt. Mwakani tutampa Bwana Gervais binti mwingine. Nimeshampata, pua ile ile! Wewe saini hapa tu, tukufute kwenye orodha."

Noella akachukua kalamu. Akaandika herufi ya kwanza, kalamu ikasimama.

"Mwambie," Armand akasema.

"Nimwambie nini, Bwana Gervais?"

"Mwambie Lucille alipokuzaa theluji ilikuwa imefunga barabara siku mbili, gari la wagonjwa likakwama ng'ambo ya daraja, na mimi ndiye niliyekukata kitovu, juu ya meza hii hii, kwa mkasi wa kukatia kuku."