Mjusi wa Mukasine

Papa Straton alifunua mkebe, akamtazama mjusi kwa muda, kisha akaufunika taratibu kama mtu anayefunika sufuria ya mwenzake.

"Gakwaya, ndugu yangu, mi natibia ng'ombe."

"Najua. Lakini veterineri mwenye tuko naye njo we tu."

"Huyu hana kwato, hana maziwa. Nikuambie nini?" Straton akakuna kichwa. "Jaribu kumuwekea chumvi kidogo."

Gakwaya alishukuru, akaubana mkebe kwapani, akaanza kupanda kurudi kambini Lushebere. Magoti yalimuuma. Mke wa mchungaji wa kanisa alikuwa amemwambia mjusi ni sumu, asimguse kabisa. Muuguzi alisema maji ya sukari. Jirani mmoja aliapa kwamba wanapenda uji. Uji alimpa, mjusi aliukanyaga tu, akabaki na miguu myeupe. Sasa chumvi.

Mkewe Mukasine alikuwa ameketi mlangoni mwa kibanda chao cha turubai, anachambua maharagwe.

"Wanasema nini?"

"Chumvi."

"Chumvi! Muntu mwenye anajua hawezi kusema vile. Na leo naona macho yake iko mubaya. Utafute mwingine, Papa."

Akausogeza mkebe kivulini kwa ncha ya kijiti.

Tangu watoroke vita kwao Karuba, Mukasine hakuwa amelia hata mara moja. Hakulilia nyumba, hakulilia shamba, wala ng'ombe kumi na wanane walioswagwa mbele ya macho yao. Kisha siku moja aliingia na mjusi huyu, ambaye watoto walimnasa ukutani mwa kanisa, ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, akasema anafanana na yule aliyekaa ukutani juu ya jiko lao la nyumbani. "Hakuli," alisema. "Iko mugonjwa. Huyu nataka aishi." Gakwaya alikuwa amelala, uso kwenye turubai, kama alivyokuwa akilala siku hizo zote. Aliisikia ile sauti, akaogopa. Aliona wazi kwamba mjusi akifa, yote ambayo mkewe hakuyalilia yangemtoka kwa mara moja.

Kwa hiyo alitembea.

Alikwenda kwa mwalimu Polycarpe, mwenye telefone nzuri, wakapanda wote wawili mpaka juu ya kilima panapopatikana rezo, mtandao wa simu. Polycarpe alisoma kwa Kifaransa, akatafsiri: mjusi anahitaji sanduku la kioo, taa ya kumpasha joto, na unga wa chokaa juu ya chakula. Ukurasa wa pili ulisema anyunyiziwe maji kila siku. Wa tatu ulisema maji yatamuua.

"Sasa niamini gani?"

"Papa, hawa iko mijusi ya kununua, ya nchi ingine. Ya kwako ilitoka ku ukuta ya kanisa."

Alirudi amelowa mvua mpaka kiunoni. Mukasine alimsikiliza, akatikisa kichwa. "Bado. Ukule kwanza, ulale. Kesho utafute mwingine." Asubuhi alikuwa ameshamfungia mahindi ya kuchoma ya njiani.

Alhamisi Gakwaya akasikia kwamba mjini Masisi-centre amefika mwanamke mmoja kutoka Kibua, kule Walikale, dada Umugwaneza, aliyesomea wanyama na kufundisha biolojia. Akamkuta anafua nguo. Huyu hakuanza na shauri. Alianza na maswali: mlimshika wapi, anapanda ukuta wa mkebe ao anakaa chini, mavi yake inafanana namna gani. Akapangusa mikono, akamtoa mjusi kwa vidole viwili, akamgeuza tumbo juu.

"Hana ugonjwa," akasema. "Iko na njaa tu. Huyu anakula inzi na vipepeo vyenye viko bado vizima, na anapenda kujiwindia mwenyewe. Uji, sukari, chumvi, uache yote. Mujusi ya ukuta hafugwi mu mukebe, Papa. Mumuachilie karibu na nyumba. Njo dawa yake."

Gakwaya akajua kwamba safari hii ameambiwa ukweli. Atamwambiaje Mukasine? Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno na kuyapangua. Penye malisho alisimama bila kutaka, akatazama ng'ombe wa watu wengine mpaka kijana aliyewachunga akamsalimia mara ya pili. Akaitika, akaendelea.

Alipofika alikaa karibu sana na mkewe, akauweka mkebe chini.

"Mama, leo nimepata muntu mwenye anajua kweli. Anasema tumuachilie. Usilie. Atabaki hapa karibu, utakuwa unamuona."

Mukasine alimtazama. Kisha akainuka haraka, akaushika mkebe kwa ncha ya kitenge, mkono ameunyoosha mbali kabisa na mwili, akaenda nyuma ya kibanda na kuupindua. Gakwaya alisikia yowe dogo. Mjusi alikimbia katikati ya mawe, akapotea. Mukasine akanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, kisha akanawa tena.

"Asante Yesu," akasema. "Hiyo munyama naiogopa tangu mutoto."

Gakwaya akainuka kumchungulia.

Mukasine akarudi, akakaa kwa uzito, mabega yakamshuka.

"Ulilala miezi mbili, Papa, unaangalia turubai. Siku nilikuambia mujusi iko mugonjwa, njo siku uliamuka. Sasa kesho nikuambie nini?"